UMEKOSEA HERUFI MOJA, KOMPYUTA INASEMA HAKUNA? SOMA HAPA

Mteja kasimama kaunta anasubiri risiti. Unaenda pale pa kutafutia programu, unaandika harakaharaka "xecel". Kompyuta inakwambia hakuna kitu. Excel ipo! Ni vidole tu vimekimbia.

Shida ni kwamba utafutaji wa kwenye kompyuta hauko wa aina moja:

1. Unaofuata mwanzo wa neno. Andika "exc", Excel inakuja. Ukikosea herufi, umekosa.

2. Unaofuata mpangilio wa herufi. Kuruka herufi ruksa: hata "ecl" inaleta Excel. Ila ukizigeuza, kama "xecel", inagoma.

3. Unaovumilia makosa. Huu unahesabu: nirekebishe herufi ngapi ili neno hili liwe lile? "Exsel" inahitaji kubadilishwa moja tu, basi Excel inakuja. Hesabu hii ilielezwa na Mrusi Vladimir Levenshtein mwaka 1965. Mwaka mmoja kabla, Mmarekani Frederick Damerau alionyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya makosa aliyoyachunguza ni ya aina nne tu: kuweka herufi siyo, kusahau moja, kuzidisha moja, au kugeuza mbili zilizo jirani.

SASA ANGALIA HAPA. Asha na Aisha wanatofautiana herufi moja. Hamisi na Khamisi hivyo hivyo. Kompyuta inayovumilia makosa haijui kama umekosea au ni mtu mwingine kabisa. Unatafuta faili la deni la Asha, linatangulia la Aisha, unabonyeza Enter bila kusoma. Elfu hamsini aliyolipa Asha umemwandikia Aisha. Mwisho wa mwezi unamdai mtu aliyeshalipa, tena mbele za watu. Mteja huyo harudi.

Fanya hivi:

✅ Programu ya kila siku ibandike kwenye mstari wa chini wa skrini. Hutaitafuta tena.
✅ Ukitafuta, andika herufi tatu za mwanzo, taratibu. Herufi chache, makosa machache.
✅ Faili la mteja lipe jina pamoja na namba tatu za mwisho za simu yake, mfano "Asha 417".
✅ Soma jina kwanza, ndipo ubonyeze Enter.

Umewahi kumdai mtu asiyedaiwa? Tuambie kwenye komenti, na mtumie mwenzako mwenye duka naye asome.