Askari Anayetaka Udaktari Ahesabu Kuanzia Mwisho

Katika jeshi la Marekani wamo vijana wa Kenya na nchi jirani walioingia kwa grini kadi, na baadhi yao wana ndoto ya udaktari. Wanachokosea mapema ni kudhani njia ni ile ya nyumbani, ambako mwanafunzi hutoka sekondari akaingia moja kwa moja kusomea tiba. Marekani haiko hivyo. Kwanza shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka minne, yenye baiolojia, kemia na fizikia pamoja na maabara zake. Kisha MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari, miaka minne ya chuo cha udaktari, na mafunzo ya ubobezi hospitalini yanayochukua miaka mitatu hata saba. Askari huyapanga haya yote huku mkataba, uhamisho na misheni vikimwamulia mengi.

Kwa sababu hiyo nashauri hesabu ianzie mwisho. Mwaka wa kwanza wa udaktari huanza Julai au Agosti, lakini maombi hupokelewa kuanzia mwishoni mwa Mei au Juni ya mwaka uliotangulia, na usaili huendelea hadi majira ya baridi. Askari ambaye mkataba wake unaisha Juni 2028, naye anataka kuanza chuo Agosti hiyo, maombi yake yanatakiwa kuingia Juni 2027, akiwa bado kambini. MCAT awe ameshaufanya, na sayansi zote awe amezisoma kabla ya MCAT. Anayesubiri avue gwanda ndipo aanze kuulizia hupoteza mwaka mzima, pengine zaidi. Wala kuukimbilia mtihani mapema mno hakusaidii, maana vyuo vingi havikubali alama zilizozidi miaka mitatu hivi.

Ila jambo linaloniuma zaidi ni alama za darasani. Askari mwenye ari hujiandikisha masomo ya kemia jioni, katikati ya muhula kikosi kinaitwa, anaondoka bila kuaga chuo, na mwisho wa muhula anaandikiwa F. Mfumo mkuu wa maombi ya vyuo vya udaktari, AMCAS, huhesabu kila jaribio. Ukirudia somo ukapata A, ile F bado inaingia kwenye wastani. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, nenda kwa msajili wa chuo na barua ya komanda, ujitoe rasmi kwa sababu ya kazi ya jeshi. Barua hiyohiyo ndiyo utakayoitumia kuomba usidaiwe ada ambayo jeshi lilikulipia. Na ikiwa ratiba ya kikosi inaonyesha kwamba misheni inakaribia, chukua somo la historia au sosholojia muhula huo. Kemia ogania ingojee mwaka ambao utalala kitanda kimoja miezi minne mfululizo.

Kazi ya tabibu wa kikosi, ambayo Jeshi la Nchi Kavu huifundisha Fort Sam Houston, Texas, inampa mtu uzoefu wa wagonjwa ambao raia wengi wanaoomba hawana. Hata hivyo krediti za mafunzo hayo kwa kawaida hazishiki nafasi ya kemia wala fizikia.

Kuhusu fedha, ukiwa kazini jeshi hulipia masomo hadi dola 250 kwa krediti moja na dola 4,500 kwa mwaka. Tumia hiyo kwa shahada ya kwanza. Miezi 36 ya GI Bill, ufadhili wa masomo kwa waliotumikia jeshini, iweke kwa ajili ya udaktari, ambako ada ni kubwa mno.

Askari asiye afisa, mwenye shahada tayari lakini amepungukiwa sayansi, namwelekeza kwanza kwenye EMDP2. Tangu 2014 programu hii huwachagua askari wachache, ikawasomesha sayansi kwa miezi 24 huku wakipokea mshahara wao kamili, ili waombe chuo cha udaktari. Wengi huomba kile cha jeshi lenyewe, Uniformed Services University, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1972 huko Bethesda, Maryland. Pale hakuna ada, na mwanafunzi hutunukiwa kamisheni na kulipwa kama afisa. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoleta ufadhili wa HPSP kwa wanaosoma vyuo vya kiraia. Kwa milango hii, na kwa kamisheni yenyewe, uraia wa Marekani ni sharti. Mwenye grini kadi aliye jeshini anaweza kuuomba kwa njia ya utumishi wake bila kulipa ada ya maombi, na asingoje hadi mwaka wa kuomba chuo.

Badala ya ada, deni la chuo cha Bethesda hulipwa kwa miaka 7 ya utumishi, na miaka ya ubobezi haipunguzi kitu. Wengi huogopa wakisikia hivyo. Lakini miaka ya uaskari wa mwanzo huhesabiwa kwenye pensheni, na ya ubobezi katika hospitali ya jeshi pia, ingawa minne ya chuo cha udaktari haimsogezi mtu kuelekea siku ya kustaafu. Aliyetumikia miaka 8 kabla ya chuo, akabobea upasuaji kwa miaka mitano, siku anayomaliza deni lake atakuwa ametimiza miaka 20 inayompa haki ya pensheni.