Ufa mdogo wa kioo cha gari si wa kungoja mwisho wa mwezi

DEREVA anayeteremka kutoka Londiani kuelekea Muhoroni, akiwa nyuma ya lori, husikia mlio mmoja mkavu. Anapotazama, huona alama ndogo kama jicho la samaki kwenye kioo cha mbele. Wengi huipangusa kwa kidole, wakaridhika kwamba kioo hakikutoboka, wakaendelea na safari. Fundi ataonwa mwisho wa mwezi, pesa zikipatikana.

Mara nyingi mwisho wa mwezi huo hukuta ufa umekata kioo kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kazi iliyokuwa ya kuziba kitundu imegeuka kuwa ya kununua kioo kipya.

Fort Ternan ni mahali ambapo jambo hili hueleweka upesi. Mji huo mdogo uko pale nyanda za juu za Kericho zinapoporomoka kuelekea mashamba ya miwa ya Muhoroni, Kaunti ya Kisumu. Malori na matrekta yanayovuta miwa hutumia barabara moja na matatu na magari madogo ya wakulima. Barabara kuu ni ya lami, lakini njia nyingi zinazoingia humo kutoka mashambani ni za changarawe.

Lori linapotoka kwenye changarawe, mawe hunasa baina ya magurudumu yake pacha ya nyuma. Linapoanza kukaza mwendo juu ya lami, magurudumu huyarusha mawe hayo nyuma. Ndiyo sababu sehemu ya hatari zaidi huwa ni mita mia chache za kwanza baada ya njia panda, wala si katikati ya changarawe yenyewe, ambako kila mtu huenda polepole.

Mawe ya eneo hili yana sifa nyingine pia. Mwaka 1961 mwanaakiolojia Louis Leakey alianza kuchimbua hapa mabaki ya kale ya wanyama, yakiwemo ya nyani aliyempa jina Kenyapithecus, yaliyohifadhiwa na majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 14 iliyopita. Kwa kioo cha gari, hata hivyo, umri wa jiwe si hoja. Hoja ni mwendo.

Nguvu ya pigo huongezeka kwa kasi kuliko mwendo wenyewe. Mwendo ukizidi maradufu, nguvu ya pigo huwa mara nne. Kijiwe kinachorushwa nyuma na lori hukutana na gari linalokuja mbele, na mwendo wa viwili hivyo hujumlishwa. Kwa hiyo dereva anayepunguza mwendo na kuliachia lori nafasi hujikinga mara mbili, kwa sababu jiwe hupata muda wa kuanguka na pigo, likitokea, huwa dogo.

Kioo cha mbele hakivunjiki kama vioo vya milangoni. Vile vya milangoni huchomwa na kupozwa ghafla kiwandani ili vikipasuka viwe punje ndogo zisizokata sana. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa pamoja, katikati yake mna utando wa plastiki. Mfaransa Édouard Bénédictus ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 chupa yake ya maabara ilianguka, ikapasuka bila kutawanyika kwa kuwa ndani ilikuwa na utando wa kemikali iliyokauka. Alisajili uvumbuzi wake mwaka 1909.

Jiwe dogo kwa kawaida huumiza kioo cha nje peke yake. Hapo ndipo penye nafasi ya kuokoa, na ndipo pia penye udanganyifu, maana kioo huonekana kizima.

Kinachomaliza kazi iliyoanzwa na jiwe ni joto na baridi. Londiani iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za koti. Muhoroni iko chini ya mita 1,500, na mchana wake ni wa jasho. Gari hupita kati ya hali hizo mbili katika safari moja fupi. Kioo kikipata joto hutanuka, kikipoa hunywea, na mkazo wote hukusanyika kwenye ncha ya ufa. Maji ya mvua yanayopenya ndani ya ufa huudhoofisha zaidi.

Kwa sababu hiyo, lililo baya kuliko yote ni kumwagia maji baridi kioo kilichokaa juani, au maji ya moto asubuhi ili kuondoa ukungu. Hewa ya moto ya gari nayo isielekezwe kiooni kwa nguvu zote kwa ghafla.

La kufanya mara moja ni dogo. Pahali palipopigwa pafutwe kwa kitambaa kikavu, kisha pafunikwe kwa utepe wa plastiki unaoona ili vumbi na maji visiingie. Sabuni isitumike. Uchafu ukishaingia, gundi ya fundi haitashika vizuri.

Fundi wa vioo hunyonya hewa iliyo ndani ya kitundu, huingiza gundi nyepesi inayoona, kisha huikausha kwa taa ya miale ya urujuanimno. Kazi huchukua chini ya saa moja. Alama hafifu hubaki, lakini ufa huzuiwa kuendelea. Njia hii hufaa kwa kitundu kisichozidi ukubwa wa sarafu. Ufa mrefu, uliofika ukingoni mwa kioo, au ulio mbele ya macho ya dereva, huhitaji kioo kipya.

Hilo la macho si la kubishania. Usiku, taa za gari linalokuja hutawanyika ndani ya ufa na kuficha barabara. Katika mteremko huu huu, alfajiri ya Oktoba 10, 2018, basi lilianguka karibu na Fort Ternan na watu zaidi ya 50 wakafa. Ajali hiyo haikuhusishwa na kioo, lakini inaonyesha barabara hii inavyomtaka dereva aone kila kona. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, nayo hukataza kuendesha gari ambalo hali yake yaweza kuhatarisha watu.

Kuhusu malipo, wengi hujua ukweli wakiwa wamechelewa. Bima inayolazimishwa na sheria, Sura ya 405, ni ya kifo na majeraha ya watu wengine. Hailipi kioo cha mwenye gari. Bima kubwa, inayofidia hasara ya gari lenyewe, kwa kawaida huwa na kifungu cha kioo chenye kikomo cha fedha, na ni vyema kikomo hicho kisomwe kabla ya jiwe kurushwa. Kumdai mwenye lori kwa sababu ya kijiwe kilichorushwa na gurudumu ni vigumu, maana uzembe haudhihiriki. Jiwe likianguka kutoka kwenye shehena isiyofungwa, kuna hoja, mradi nambari ya usajili ilisomwa na kuna shahidi.

Kioo kipya kikilazimu, mahali pa kukitilia ni chini ya paa, kwani mvua ya mchana ya Kericho haiombi ruhusa. Katika magari mengi ya siku hizi kioo hushikwa kwa gundi, nacho ni sehemu ya uimara wa bodi. Mfuko wa hewa wa abiria huegemea kioo hicho unapofumuka. Gari lenye kamera nyuma ya kioo huhitaji kamera hiyo ipimwe upya. Fundi aulizwe gundi yake hukauka kwa saa ngapi, na gari lisiondoke kabla ya muda huo kutimia. Siku ya kwanza dirisha moja liachwe wazi kidogo, ili mlango ukifungwa kwa kishindo hewa isisukume kioo ambacho bado hakijashika.