Je, Wajua? Moshi wa Trekta na Presha ya Oili, Kutoka Majaruba ya Kyela

Je, wajua kwamba Kyela kuna moshi usiotoka kwenye moto wala kwenye ekzosti? Ni wadudu wadogo wa Ziwa Nyasa, wanaoruka kutoka majini kwa mamilioni na kusimama juu ya ziwa kama nguzo za moshi. David Livingstone alipofika ziwani mwaka 1861 aliwafananisha na moshi wa nyasi zinazoungua. Wakazi wa mwambao huwakusanya, huwafinyanga vibonge na kuwala. Kwa mwenye trekta habari ni nyingine. Upepo ukiwaleta nchi kavu hunasa kwenye mapezi ya rejeta pamoja na makapi ya mpunga, na injini isiyopata upepo huchemsha maji. Oili nayo huwa nyepesi mno, na presha hushuka hata kama hakuna kilichoharibika ndani. Kabla ya kumwita fundi, safisha rejeta.

Je, wajua kwamba dizeli ikiungua sawasawa moshi wake huonekana kwa shida? Wapo madereva wanaofurahia wingu jeusi kila wakishusha plau, wakidhani ndiyo nguvu ya trekta. Wingu hilo ni dizeli iliyonunuliwa kwa fedha na kutupwa hewani ikiwa masizi.

Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Anza kwenye hewa, kwa sababu kuiangalia hakugharimu kitu. Massey Ferguson 135, ambayo ilianza kutoka kiwandani mwaka 1964 na hadi leo inalima, ina klina ya hewa yenye bakuli la oili chini yake. Hewa hupita ikigusa oili hiyo na vumbi hubaki humo. Bakuli likijaa tope, injini inakosa pumzi. Wakati wa vumbi, kabla mvua hazijashika, bakuli hilo linatakiwa kufunguliwa kila siku ya kazi. Likiwa safi na moshi bado mweusi, punguza kina cha plau au shuka gia moja. Moshi ukiendelea hata trekta likiwa halina mzigo mzito, sasa ndipo nozeli na pampu ya dizeli zipelekwe kupimwa.

Je, wajua kwamba trekta lile lile linaweza kutoa moshi mweusi Tukuyu na kuuacha likifika Kyela? Uso wa Ziwa Nyasa uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Tukuyu iko karibu mita 1,500. Huko juu hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi, lakini pampu haijui hilo, hivyo humwaga dizeli ile ile. Injini isiyo na turbo huhisi tofauti hiyo mara moja. Ukinunua trekta lililorekebishwa pampu mahali pa juu, liangalie upya likiwa bondeni kabla ya kulihukumu.

Je, wajua kwamba mpira mmoja uliopasuka unaweza kuua injini nzima bila kutoa hata tone la moshi mwanzoni? Nauzungumzia mpira unaounganisha klina ya hewa na injini. Ukichanika, au klampu yake ikilegea, hewa huingia bila kuchujwa. Dereva haoni tatizo lolote. Huenda hata akaona injini imekuwa nyepesi zaidi. Kumbe kila mzunguko unavuta mchanga mwembamba hadi kwenye silinda, na mchanga huo unasaga ringi na kuta za silinda. Msimu unaofuata injini inaanza kula oili, moshi wa bluu unatoka, mwenye trekta anaambiwa anunue pistoni, ringi na silinda mpya. Anavifunga vyote. Mpira ule ule uliochanika unarudishwa mahali pake, na baada ya msimu mwingine hadithi inaanza upya. Katika mambo yote ya safu hii, hili ndilo ninalotamani kila mwenye trekta alishike: ukifungua injini iliyolika, usiifunge hadi umejua vumbi lilipita wapi.

Je, wajua kwamba mteremko wa kutoka Tukuyu kwenda Kyela ni kipimo cha bure? Trekta likishuka na tela huku dereva ameachia mafuta, oili hupenya kwenye gaidi za valvu zilizolegea. Likifika tambarare na dereva akikanyaga mafuta, wingu la bluu hutoka kisha hukatika. Hizo ni gaidi au sili za valvu, na kazi yake inaishia kwenye silinda hedi. Lakini moshi wa bluu ukiwa unaendelea muda wote plau liko ardhini, shaka inahamia kwenye ringi. Tazama pia bomba la kupumulia la injini: likitoa moshi kwa mapigo, gesi inapita pembeni ya pistoni na kushuka kwenye sampu. Mafundi husema injini inapumua.

Tofauti kati ya hukumu hizo mbili ni fedha nyingi, na asilimia kubwa ya fedha hiyo inaokolewa na mtu aliyesimama akatazama moshi unatoka wakati gani.

Je, wajua kwamba klina ya bakuli ikijazwa oili kupita alama, injini inaweza kuinywa? Kwanza utaona moshi wa bluu. Ikizidi, injini ya dizeli huanza kuendeshwa na oili hiyo badala ya dizeli, inapanda kasi yenyewe, na kuvuta stopu hakusaidii kwa kuwa stopu hukata dizeli tu. Dawa ni kuinyima hewa: ziba mdomo wa klina kwa ubao au blanketi nene lililokunjwa. Mkono usitumike kamwe. Watu wasiohusika wasogee mbali, maana injini inayokimbia yenyewe namna hiyo inaweza kupasuka.

Je, wajua kwamba moshi mweupe uko wa aina mbili? Ule unaonuka dizeli na kuchoma macho ni dizeli isiyoungua. Asubuhi yenye baridi ni jambo la kawaida kwa dakika chache. Ukiendelea injini ikiwa ya moto, huenda taimingi ya pampu imechelewa, nozeli inadondosha, au kompresheni imepungua. Aina ya pili ni mvuke wa maji. Huo hauchomi macho, na maji ya rejeta hupungua siku hadi siku bila kuonekana yanapovujia. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, iwashe, tazama: mapovu yanayopanda mfululizo yanaonyesha gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi imepasuka. Rejeta ya moto haifunguliwi.

Je, wajua kwamba mvua ya Kyela huingia kwenye injini kupitia ekzosti? Wilaya hii hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kati ya nyingi kuliko zote nchini. Ekzosti ya trekta imesimama wima. Likilala nje bila kifuniko, maji hushuka hadi kwenye valvu, na pale ambapo valvu imesimama wazi yanaingia silinda na kuzitia ringi kutu. Kopo lililofunikwa juu ya ekzosti kila jioni linatosha. Asubuhi litolewe kabla ya kuwasha.

Na kwa mafuriko: mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufirio hupanda ghafla. Trekta lililofunikwa na maji lisiwashwe kujaribu bahati. Maji hayabanwi; pistoni ikikutana nayo, konrodi hupinda. Kwanza mwaga oili ya sampu, toa nozeli, zungusha injini kwa mkono maji yatoke.

Je, wajua kwamba pampu ya oili peke yake haileti presha? Pampu inasukuma oili tu. Presha inatokea kwa sababu oili inalazimishwa kupita kwenye nafasi finyu kati ya beringi na krankshafti. Nafasi hizo zikipanuka kwa kulika, oili hupita kirahisi, na geji inashuka hata kama pampu ni mpya. Ndiyo maana kubadilisha pampu mara nyingi hakuponyi injini iliyochoka.

Je, wajua kwamba geji nyingi za presha zenye mshale zimejengwa kwa kanuni ya mwaka 1849? Eugène Bourdon wa Ufaransa aligundua kwamba bomba bapa lililopindwa hujinyoosha kidogo presha ikiingia ndani yake. Mshale unafuata mwendo huo. Geji huchoka na swichi ya taa ya oili hufa. Kabla ya kuamini kwamba injini imekwisha, fundi afungue swichi hiyo na kufunga geji nzima mahali pake. Kwa injini ya Perkins ya silinda tatu iliyoko kwenye Massey Ferguson 135, presha ya paundi 30 hadi 60 kwa inchi ya mraba, ikiwa ya moto na kwenye kasi ya kazi, ni ya afya. Ikiwa inaunguruma taratibu, presha itakuwa chini zaidi, na hilo si ugonjwa.

Je, wajua kwamba oili inayoongezeka ni mbaya kuliko inayopungua? Kijiti cha kupimia kikionyesha oili imepanda na hakuna aliyeongeza, kuna kitu kimeingia. Inuse. Dizeli huipa harufu na kuifanya nyepesi kama maji. Chanzo mara nyingi ni mpira wa ndani wa pampu ndogo ya kupandishia dizeli uliotoboka, au sili ya pampu kubwa, au nozeli inayodondosha. Ikiwa ya kijivu au nyeupe kama maziwa, ni maji. Dondosha tone kwenye bati la moto: likichatachata, jibu umelipata. Kwa hali yoyote kati ya hizo, trekta lisirudi shambani hadi chanzo kizibwe na oili imwagwe yote.

Je, wajua kwamba filta iliyoziba inaweza isishushe presha hata kidogo? Ndani yake, au kwenye kitako chake, kuna valvu inayofunguka filta ikikataa kupitisha, ili beringi zisikose oili. Kwa hiyo mshale wa geji umetulia, dereva ametulia, na oili chafu inazunguka bila kuchujwa. Geji haitakuonya. Saa za kazi ndizo zitakazokuonya: matrekta mengi ya zamani yanataka oili na filta mpya kila baada ya saa 200 hadi 250, na pawatila mapema zaidi.

Valvu ya kupunguzia presha nayo huleta utata. Ikikwama wazi kwa chembe ya uchafu, au springi yake ikikatika, presha huanguka ghafla siku moja. Kwa beringi zilizolika, presha hushuka polepole kwa miezi. Swali la kwanza la fundi mzuri ni hilo: ilianza lini, na ilishuka vipi?

Je, wajua kwamba oili iliyomwagwa kwenye mfereji wa jaruba ina njia moja tu? Itafika ziwani. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na mto unaoyatoa maji yake ni mmoja, Shire, upande wa kusini kabisa. Kinachoingia kutoka Kyela hukaa muda mrefu sana. Oili chakavu iwekwe kwenye dumu lenye mfuniko.

Je, wajua kwamba injini ya dizeli iliwahi kuendeshwa kwa mafuta ya karanga kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1900? Na kwamba mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, ili kulima karanga hizo hizo? Mengi yalikuwa masalia ya vita, mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman. Yaliharibika kwa kasi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza, na mpango ulifutwa mwaka 1951.

Je, wajua kwamba geji ikienda sifuri huna dakika moja ya kufikiri? Zima hapo hapo, hata kama plau liko katikati ya tuta. Beringi isiyo na oili huyeyuka na kushika krankshafti, na sauti ya kugonga ikisikika injini imeshanoki. Baada ya kuzima, pima oili, tazama chini kama kuna uvujaji, kisha subiri fundi.

Je, wajua kwamba baada ya kubadilisha filta injini huzunguka kwa muda bila oili? Jaza filta mpya oili kabla ya kuifunga kama inafungwa wima. Vuta stopu, zungusha kwa stata vipindi vifupi hadi geji ipande, ndipo uiruhusu iwake.

Je, wajua kwamba trekta la mtumba linatakiwa kukaguliwa likiwa baridi? Ukifika kwa muuzaji, gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, mwambie utarudi kesho alfajiri na asiiwashe. Kisha simama nyuma ya ekzosti wakati inawaka, hesabu muda moshi unaotumia kukatika, iache ifanye kazi na plau kwa nusu saa, na usome geji tena ikiwa inaunguruma taratibu.