Jicho Halina Gia ya Tano

Swali huja kipindi kikishamalizika, karibu na mlango. Muulizaji ana mtoto mgongoni, au anatazama saa kwa sababu gari la shule linakaribia kurudi. "Samahani mwalimu, hivi kozi gani ni nzuri ya kusoma haraka?" Halafu anaeleza. Ramadhani iliyopita alikwama juzuu ya tisa. Mwingine alianza mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka, ukamfia mwanzoni mwa Februari katikati ya Mambo ya Walawi. Wa tatu amenunua riwaya, na risiti bado imo ndani ya kurasa za mwanzo. Anayefundisha kusoma hulijibu swali hili kwa upole mara ya kwanza na ya kumi. Baada ya hapo upole huanza kupungua.

Kozi nzuri haipo.

Biashara yenyewe ina umri. Mwaka 1959 Evelyn Wood, mwalimu wa shule kutoka Utah, Marekani, alifungua taasisi aliyoiita Reading Dynamics, akawafundisha watu kuteremsha mkono ukurasani na kumeza mistari kadhaa kwa mpigo. Ahadi ilikuwa maelfu ya maneno kwa dakika. Habari zikafika hadi Ikulu ya Marekani, na Rais Jimmy Carter naye akaisoma kozi hiyo. Lakini dawa haipimwi kwa cheo cha mgonjwa aliyeinywa. Miaka ya 1980 wanasaikolojia Marcel Just na Patricia Carpenter waliwapima watu waliofuzu mafunzo ya aina hiyo, wakawalinganisha na wasomaji wa kawaida na pia na watu walioambiwa tu wapitie maandishi juujuu. Wahitimu waliwazidi kidogo wapitiaji katika kutaja kiini cha maandishi mepesi. Kwenye mambo madogomadogo hawakuwazidi, na msomaji wa kawaida aliwaacha wote nyuma. Kwa maneno mengine, watu walilipa ada ili wafundishwe kuperuzi.

Kikwazo cha kozi hizi kiko kwenye jicho lenyewe, na hapo hakuna mjadala. Jicho haliteremki juu ya mstari kama maji kwenye mfereji. Hutua kwa takriban robo ya sekunde, huruka herufi saba hadi tisa, hutua tena, na linaporuka halisomi chochote. Sehemu linayoiona kwa ukali wa kutosha kutambua herufi ni ndogo mno: nyosha mkono, tazama kidole gumba, upana wake ndio huo. Vyote vilivyo pembeni ni ukungu. Anayeahidi ukurasa mzima kwa mtazamo mmoja anauza jicho ambalo binadamu hakuumbiwa.

Hata kipimo chenyewe, maneno kwa dakika, kimeazimwa bila kuulizwa. Mwaka 2019 Marc Brysbaert alikusanya tafiti 190 za wasomaji wa Kiingereza, akapata wastani wa maneno 238 kwa dakika kwa maandishi yasiyo ya kubuni. Sasa chukua "hatukuwasomea". Kiswahili kimelihesabu neno moja. Mwingereza angelitandaza kwa maneno sita. Tangazo linalomwambia mama wa Tanga kwamba yuko nyuma ya kiwango cha dunia kwa maneno mia kadhaa linapima mchele kwa futi.

Kisha wauzaji wana maadui wawili wanaowataja katika kila tangazo: sauti ya ndani na kurudi nyuma. Wanasema, nyamazisha ile sauti inayotamka maneno kichwani. Mtoto wa madrasa angecheka. Qur'ani ina madi, yaani irabu za kuvutwa kwa harakati (mapigo) mbili, nne, hadi sita. Aya ya 4 ya sura ya 73 inaamuru kusoma kwa tartili, yaani polepole na kwa utaratibu. Na ipo hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, isemayo kwamba aliyeimaliza chini ya siku tatu hakuielewa. Katika usomaji huu sauti ndiyo kazi yenyewe. Na kwa kitabu kingine chochote, sauti ya ndani husaidia akili kushika mwanzo wa sentensi mpaka mwisho wake ufike.

Adui wa pili ndiye anayestahili kutetewa zaidi. Katika kila miruko 100 ya jicho la msomaji hodari, 10 hadi 15 hurudi nyuma. Si uvivu wala ushamba: akili imegundua kwamba imekosea, inakwenda kusahihisha. Mwaka 2014 Elizabeth Schotter na wenzake waliwazuia watu kurudi, kwa kuyafunika maneno mara tu jicho lilipoyapita. Uelewa ulishuka. Mwaka huohuo programu ya Spritz ilikuwa ikishangiliwa kwa sababu iliangaza neno mojamoja mahali pamoja, bila nafasi ya kurudi kabisa.

Hebu sasa mfikirie yule mama mlangoni. Ana dakika kumi. Katika hizo dakika kumi uji utafurika, mtoto ataanguka, mtu atabisha hodi. Tatizo lake halijawahi kuwa kasi ya macho. Uzi unamkatika mara tatu kwa ukurasa, na kila unapokatika inabidi arudi kuutafuta. Kurudi nyuma ndicho chombo anachokihitaji kuliko msomaji mwingine yeyote, na kozi inamdai fedha ili imnyang'anye hicho hicho. Tena tuseme muujiza utokee, asome mara mbili ya kasi yake. Ameokoa dakika tano, na uji bado unafurika.

Anachoshindwa nacho kwa kweli ni ratiba iliyotungwa na mtu mwenye siku nyingine. Mmojawapo wa mipango maarufu ya kusoma Biblia kwa mwaka ulitungwa mwaka 1842 na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee, Scotland: sura nne kila siku, Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. M'Cheyne alikuwa kijana asiye na mke wala mtoto, akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 29. Na yeye mwenyewe aliwaonya waumini wake kwamba kwa wengine mpango huo ungekuwa nira nzito, akaorodhesha na hatari ya kusoma bila makini. Onyo halichapishwi kwenye kalenda za Januari. Isitoshe, sura si kipimo: Zaburi ya 117 ina mistari miwili, ya 119 ina 176. Msahafu wa kurasa 604 angalau umegawika sawasawa, kurasa nne katika kila swala kati ya tano hukaribia juzuu kwa siku, lakini mwenye mtoto wa miezi mitatu hapaswi kujipima kwa hesabu ya imamu.

Haya basi, mambo ya kufanya, na yafanywe bila sherehe. Kitabu kikae jikoni au ndani ya pochi, si kabatini. Penseli iwemo ndani. Alama iwekwe mwisho wa aya, na ukirudi anza aya moja kabla ya alama. Dakika kumi kwa mwendo wa maneno 150 ni maneno 1,500: kitabu cha maneno 30,000 kinaisha kwa siku 20. Chagua maandishi yanayovumilia kukatizwa, kama tenzi, hadithi fupi, au aya tano pamoja na maelezo yake katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969. Utenzi wa Mwana Kupona una beti zaidi kidogo ya 100, na mwanamke wa Pate aliyeutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake alikuwa mgonjwa; kila ubeti ni kituo. Wakati wa kufua, sikiliza. Wakati wa kuchambua mchele, mtoto wa darasa la tatu akusomee kwa sauti, ukimsahihisha. Kumsomea mtoto nako ni kusoma, usikufute kwenye hesabu. Baba ashike mtoto kuanzia saa mbili usiku hadi saa mbili na robo. Akishindwa, hilo si tatizo la kusoma.

Limebaki moja, na wengi wa wanaouliza kozi hawalidhanii. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa, na maandishi ya karibu hupoteza ukali. Mtu huanza kusoma polepole, kichwa humuuma, husinzia ukurasa wa pili, naye hujilaumu kwa uvivu au kwa simu. Mwambie asome mistari midogo ya chini kwenye kasha la dawa. Akinyoosha mkono wote ndipo aione, aachane na kozi, aende kupimwa macho na kununua miwani ya kusomea.