KUMBI LA NAZI SI TAKATAKA



Ukimaliza kufua nazi, makumbi yake unayapeleka wapi? Watu wengi huyatupa nyuma ya nyumba. Wengine huyatia motoni. Leo tutasoma habari za kumbi la nazi. Tutaona kwamba ndani yake mna nyuzi, na nyuzi hizo ni mali.

Nyuzi za asili

Nyuzi za asili hutoka kwa wanyama na kwa mimea. Kondoo hutupa sufu. Huko Afrika Kusini na Lesotho watu hufuga mbuzi wa Angora. Manyoya ya mbuzi hao ni marefu, laini na yanang'aa. Huitwa moheri, nayo hufumwa nguo za bei kubwa.

Sisi wa Mbagala, Tandale na Kigamboni hatuna mbuzi hao. Mbuzi tunayoikalia sisi ni ile ya kukunia nazi! Lakini nyuzi tunazo. Shinyanga wana pamba. Tanga wana mkonge. Sisi watu wa pwani tuna usumba. Usumba ni nyuzi zilizomo ndani ya kumbi la nazi.

Sifa za usumba

Uzi mmoja wa usumba ni mfupi, kama shibiri moja tu. Si laini kama pamba, kwa hiyo haufai kwa nguo. Uzi wa mkonge una nguvu kuushinda. Lakini usumba una sifa tatu kubwa.

Kwanza, hauozi upesi katika maji ya chumvi. Ndani yake mna kitu kile kile kinachoufanya mti uwe mgumu. Pili, kamba yake huvutika kabla ya kukatika. Chombo kikisukwasukwa na mawimbi, kamba hulegea na kurudi. Tatu, ni mwepesi, huelea majini.

Wazee wetu walizijua sifa hizi. Walijenga chombo kilichoitwa mtepe. Mbao za mtepe zilishonwa kwa kamba za usumba, bila misumari ya chuma. Yapata miaka 2000 iliyopita, baharia mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitaja vyombo vya kushonwa katika pwani yetu hii. Na kitanda cha teremka tukaze unakijua. Kamba zikilegea, mnateremka, mnazikaza, mnalala tena.

Jinsi ya kupata usumba

Kazi hii hufanywa hasa na akina mama. Huko Unguja, katika vijiji vya Paje, Bwejuu na Jambiani, inajulikana sana. Hatua zake ni hizi:

1. Kusanya makumbi ya nazi zilizokomaa. Makumbi ya madafu hayafai, kwa sababu nyuzi zake ni changa.

2. Chimba shimo ufukweni, mahali ambapo maji hujaa na kupwa. Usichimbe karibu na kisima, wala usikate mikoko. Uliza kwanza kwa viongozi wa mtaa au kijiji.

3. Panga makumbi shimoni. Yafunike kwa mchanga au matope, kisha weka mawe juu ili bahari isiyachukue. Weka alama ulijue shimo lako.

4. Ngoja miezi 6 hadi 10. Humo shimoni vijidudu visivyoonekana kwa macho hula ile nyama laini inayoshikanisha nyuzi. Nyuzi zenyewe hubaki.

5. Fukua. Weka kumbi juu ya gogo, ulipige kwa rungu mpaka chenga zitoke. Osha nyuzi, kisha zianike juani.

6. Sokota kwa viganja. Nyuzi hufanya ugwe, na nyugwe mbili zikisokotwa pamoja hufanya kamba.

Makumbi kama 10 hutoa karibu kilo moja ya nyuzi.

Subira

Mama mmoja wa darasa letu alijifunza kazi hii kwa shangazi yake. Alifukia makumbi 300. Mwezi wa tatu mtoto wake alitakiwa sare ya shule, na nyumbani hapakuwa na fedha. Akafukua shimo. Makumbi yalikuwa bado magumu. Alipiga siku nne, viganja vikatoka malengelenge, na nyuzi nyingi zikakatika. Alichopata hakikutosha hata nusu ya sare.

Mwaka uliofuata alifanya mashimo mawili. Moja alifukia mwanzo wa mwaka, jingine katikati ya mwaka. Sasa lipo shimo la kufukua na lipo shimo la kungoja. Anasema, "Shimo ni kama benki. Ukitoa kabla ya siku, unajila mwenyewe."

Hata chenga zina kazi

Zile chenga usizitupe. Hushika maji kwa muda mrefu. Zioshe kwa maji baridi mara kadhaa ili chumvi itoke. Kisha zichanganye na udongo wa kitalu cha mboga au miche. Maji ya kumwagilia yatadumu zaidi.

Lakini makumbi na vifuu vikitupwa ovyo vina hatari. Mvua ikinyesha hujaa maji, na mbu huzaliana humo. Mwaka 2014 na mwaka 2019 homa ya dengi iliwapata watu wengi Dar es Salaam. Mbu wa homa hiyo huuma mchana, na hupenda maji kidogo yaliyotuama karibu na nyumba.

Tusiipoteze minazi

Bila mnazi hakuna usumba. Minazi mingi ya pwani imekatwa ili kupata viwanja. Mingine imeuawa na ugonjwa wa kunyong'onyea. Vitale hudondoka, maua huwa meusi, makuti huwa ya manjano. Mwisho kichwa huanguka, na mti hubaki kama nguzo. Ugonjwa huu hauna dawa. Ukiona dalili hizo, mwite bwana shamba au bibi shamba mapema. Katika Wilaya ya Kinondoni, huko Mikocheni, kipo kituo cha utafiti wa kilimo. Wataalamu wake wamechunguza minazi na ugonjwa huu kwa miaka mingi.

Mnazi mrefu huanza kuzaa baada ya miaka 6 au 7. Kwa hiyo anayepanda leo anampandia na mtoto wake.

Kabla ya kuanza

Tusidanganyane. Kamba za nailoni zimejaa madukani, na bei yake si kubwa. Kabla ya kufukia makumbi mengi, tafuta mnunuzi. Waulize mafundi wa vitanda, wenye vyombo vya baharini, na watengenezaji wa mazulia ya kufutia miguu. Anza na makumbi machache. Fanyeni kazi kwa kikundi, na muandike hesabu zenu daftarini. Kusoma na kuandika mmekwisha jifunza. Sasa kutumieni.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja sifa tatu za usumba.
2. Kwa nini yule mama alipata hasara mara ya kwanza?
3. Wiki hii, katika mtaa wenu, makumbi mangapi yametupwa au kuchomwa? Yangetoa kilo ngapi za nyuzi?