Daktari mwanafunzi akipunguziwa saa za kazi, je, anajua kidogo?

Daktari anayejifunza kazi akipewa nafasi ya kulala, je, anamaliza masomo akijua kidogo kuliko wale waliomtangulia? Swali hilo limegawanya waganga wa Marekani kwa miaka zaidi ya 30. Linagusa pia hospitali za huku kwetu, ambako wanafunzi wa udaktari wanafanya gardi za usiku.

Mambo yalianzia New York. Mwezi wa tatu mwaka wa 1984, Libby Zion, msichana wa miaka 18, alipokelewa hospitalini usiku akiwa na homa, na kesho yake asubuhi akafariki. Waliomhudumia usiku ule walikuwa madaktari walio bado katika mafunzo. Baba yake, mwandishi wa habari Sidney Zion, alianza kupigania sheria mpya, akisema kwamba mtu asiyelala hawezi kulinda uhai wa mgonjwa. Wakati ule, kulikuwa madaktari wanafunzi waliopitisha saa 100 kazini kwa juma moja.

Mwaka wa 1989, jimbo la New York liliweka mpaka: saa 80 kwa juma, na zisizozidi 24 mfululizo. Mwaka wa 2003, mpaka wa saa 80 ulienea Marekani nzima. Mwaka wa 2011, walio katika mwaka wa kwanza wa mafunzo walikatazwa kuzidisha saa 16 mfululizo.

Hapo wakubwa wengi wa mafunzo walipinga. Kwao, ugonjwa hausomwi katika vitabu peke yake. Daktari aliyempokea mgonjwa magaribi anapaswa kuona namna dawa inavyofanya kazi usiku kucha, na hali inavyogeuka alfajiri. Akienda nyumbani katikati, anapoteza somo, na habari za mgonjwa zinaweza kupotea wakati wa kumkabidhi kwa mwenzake.

Ili kumaliza ubishi, watafiti walichukua vituo 63 vya mafunzo ya magonjwa ya ndani, wakavigawa kwa kura. Vingine vilibaki na mpaka wa saa 16, vingine viliruhusiwa kurefusha zamu, lakini vyote bila kupita wastani wa saa 80 kwa juma. Matokeo ya mtihani yalitangazwa mwaka wa 2018: wenye zamu fupi walipata wastani wa 69,4%, wenye zamu ndefu 68,9%. Ni karibu sawa. Kulala zaidi hakukupunguza elimu, na kukesha hakukuiongeza.

Lakini maoni yaligawanyika. Wakubwa wa mafunzo waliridhika zaidi pale zamu zilipokuwa ndefu; wanafunzi wenyewe, pale pale, walilalamika zaidi kuhusu mafunzo yao na maisha yao. Mwaka wa 2017, mpaka wa saa 16 ulikuwa umekwisha kuondolewa. Ule wa saa 80 ulibaki.

Na usalama wa mgonjwa? Uchunguzi wa Boston uliotangazwa mwaka wa 2004, katika vyumba vya wagonjwa mahututi, ulionyesha kwamba madaktari wa mwaka wa kwanza walifanya makosa makubwa 36% zaidi katika zamu ndefu za kawaida kuliko katika zamu zilizofupishwa. Lakini uchunguzi mwingine, wa mwaka wa 2020, katika vyumba sita vya watoto mahututi, ulileta jambo la kushangaza: zamu zilipofupishwa, makosa yaliongezeka. Watafiti walipoangalia vizuri, waliona kwamba kila daktari alikuwa amebebeshwa wagonjwa wengi zaidi. Walipohesabu uzito huo, tofauti ile ilipotea.

Hapo ndipo penye funzo kwa Bukavu, Goma ao Bunia. Kupunguza saa kwenye karatasi bila kuongeza watu ni kuhamisha mzigo tu: anayetoka analala, anayebaki anahangaika na wagonjwa wa watu wawili. Mwanafunzi hajifunzi kwa sababu amekesha. Anajifunza akiwa na wagonjwa anaoweza kuwafuata, mkubwa wa kumwelekeza, na mwenzake anayemkabidhi wagonjwa kwa maandishi, jina kwa jina, kabla ya kwenda kulala.