Tela Nyuma ya Pikapu: Mteremko Huanza Nyumbani

Wasomaji wetu wa Kayna hawana haja ya kufundishwa barabara ni kitu gani. Barabara kuu itokayo Goma hupita Rutshuru na uwanda wa Rwindi, hupanda mlima wa Kabasha hadi Kanyabayonga, ndipo hufika Kayna. Kisha huendelea mpaka Kirumba, Alimbongo na Lubero, huvuka mstari wa Ikweta, na kuingia Butembo. Kwa njia hiyo maharagwe, viazi na ndizi za wakulima huenda sokoni, na kwa njia hiyo hurudi chumvi, sabuni, mabati na madaftari ya watoto. Ni kamba ambayo maisha ya jamaa nyingi yamefungwa kwayo.

Jamaa iliyojaliwa kupata pikapu huona upesi kwamba sanduku lake ni dogo. Basi huitwa fundi wa kuchomelea, hutafutwa ekseli ya gari kuukuu, na baada ya siku chache tela limesimama uani. Faida yake yaonekana kwa macho: safari moja yachukua mzigo wa safari mbili. Sisi hatumlaumu mtu afanyaye hivyo, maana kutafuta riziki kwa akili ni jambo jema. Lakini yapo mambo machache ambayo kila mwenye tela yampasa kuyajua kabla ya kuliunganisha na gari lake, na hata mke wake na wenye magunia yafaa wayajue.

Tela husukuma

Mtu aonaye tela likipita hudhani kwamba pikapu huvuta tu, kama ng'ombe avutavyo mkokoteni. Katika kupanda ni hivyo. Lakini dereva akikanyaga breki, tela hutaka kuendelea na mwendo wake, nalo huisukuma pikapu kutoka nyuma. Katika mteremko husukuma muda wote. Pikapu yenye uzito wa kilo 2,000 ikikokota tela la kilo 1,000 lisilo na breki, breki za pikapu peke yake zalazimika kusimamisha kilo 3,000. Tena mwendo huzidisha kazi hiyo kuliko watu wanavyofikiri. Gari liendalo kilometa 60 kwa saa halina nguvu maradufu ya lile liendalo 30, bali lina nguvu mara nne.

Kwa sababu hiyo, katika nchi za Ulaya tela ambalo uzito wake pamoja na mzigo wapita kilo 750 lazima liwe na breki zake lenyewe. Tela lililotengenezwa uani huwa halina breki kabisa, nalo hupakiwa magunia kumi na tano ya viazi. Gunia moja likiwa na kilo 100, hesabu ni kilo 1,500 kabla hatujahesabu chuma cha tela lenyewe. Mwenye gari na asome kitabu cha gari lake, au kibao cha chuma kilichobandikwa na kiwanda, ajue limeruhusiwa kukokota kilo ngapi. Asilipime kwa kuona kwamba jana lilipanda mlima bila kuzimika. Injini kuweza kupanda si ushahidi kwamba breki zaweza kushuka.

Mahali pa kuweka gunia

Vijana wa huku wasukumao chukudu wajua siri moja ambayo wenye matela wengi hawaijui. Hakuna kijana apakiaye chukudu ovyo. Huangalia mzigo ukae chini, ukae katikati, usiinamie upande mmoja, tena usilemee nyuma hata gurudumu la mbele likainuka. Tela lataka adabu iyo hiyo.

Magunia mazito yawekwe chini, juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Vitu vyepesi viwe juu na nyuma. Kanuni itumikayo sana Marekani ni kwamba sehemu 10 hadi 15 katika mia za uzito wote wa tela zilemee mahali pa kuungia. Tela la kilo 1,000 likiwa limepakiwa vema, mkono wake hulemea kiungo kwa kilo 100 hadi 150, yaani kama gunia moja au moja na nusu. Jambo hili laweza kupimwa. Anayenunua kahawa au maharagwe ana mizani ya jukwaa. Tela likisimama mahali pa tambarare, ncha ya mkono wake iegemezwe juu ya mizani kwa kimo kile kile cha kiungo cha gari, na uzito usomwe. Kisha iangaliwe kama kiungo cha pikapu kimeruhusiwa kubeba uzito huo.

Mzigo ukilemea nyuma, mkono wa tela huinua matako ya pikapu, na matairi ya nyuma hupoteza nguvu ya kushika ardhi. Hapo tela huanza kucheza kama mkia wa samaki, kushoto na kulia, kila mara zaidi. Dereva asiyejua hukanyaga breki kwa nguvu, au huongeza mafuta akitumaini kulinyoosha, au hupigana na usukani. Yote matatu huleta maangamizi. Na aondoe mguu kwenye mafuta polepole, ashike usukani imara bila kuuzungusha, aache mwendo upungue wenyewe. Kama tela lina breki zinazofungwa kwa mkono kutoka ndani ya gari, azifunge hizo peke yake. Akiisha kusimama, asiendelee kabla ya kupanga mzigo upya.

Wenye kusafirisha mafuta ya mawese na waangalie pia neno hili: pipa lililojaa nusu ni baya kuliko pipa lililojaa. Mafuta hukimbia huku na huku ndani yake, na kila kona huyatupa upande wa hatari.

Katika Ulaya na Marekani watu hukokota nyumba ndefu za magurudumu waendapo matembezini, nazo hupinduliwa na upepo wa ubavuni, au na mshindo wa hewa gari kubwa likipita karibu. Sisi hatukokoti nyumba, lakini twapakia magodoro na vikapu hata mzigo ukawa mrefu kama nyumba. Upepo wa mabonde ya Lubero haubagui.

Kiungo, minyororo na magurudumu

Kiungo kimoja cha chuma ndicho kishikacho mali yote. Kwa hiyo pasikosekane minyororo miwili ya akiba, iliyopitishwa kwa kupishana chini ya mkono wa tela. Kiungo kikikatika, mkono huangukia juu ya minyororo hiyo badala ya kuchimba ardhi. Mishono ya kuchomelea iangaliwe kabla ya kila safari, hasa baada ya kupita mashimo, maana ufa huanza mwembamba kama unywele.

Nati za magurudumu zikazwe kabla ya kuondoka, na tena baada ya mwendo wa kwanza. Kila kituo dereva aguse katikati ya kila gurudumu la tela. Likiwa na moto usiovumilika kwa mkono, beringi inaharibika au breki imeshika, na safari isiendelee. Taa nyekundu za nyuma ziwake, maana usiku tela lisilo na taa halionekani mpaka limegongwa.

Tela refu hukata kona kwa ndani. Pikapu hupita salama, na gurudumu la tela huingia mtaroni, au humkuta mtu asimamaye ukingoni. Dereva na apanue kona, akumbuke urefu wa kitu asichokiona. Na akitaka kurudi nyuma, ashike usukani sehemu ya chini: mkono ukienda kushoto tela huenda kushoto, ukienda kulia tela huenda kulia. Mwingine asimame nje kumwongoza, mahali ambapo dereva amwona kwa kioo, wala asisimame kamwe kati ya tela na ukuta.

Kushuka Kabasha

Anayetoka Kayna kwenda upande wa Goma hukutana na Kabasha baada ya Kanyabayonga. Barabara hushuka kwa kona nyingi kutoka nyanda za juu hadi uwanda wa Rwindi, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925. Mahali kama hapo makosa yote ya nyumbani hudaiwa kwa mara moja.

Dereva mwenye busara husimama juu, kabla ya kushuka. Hujaribu breki, huangalia kiungo na kamba. Kisha hutia gea ndogo, ile ambayo angeitumia kupanda mlima ule ule, naye huiacha injini izuie gari. Breki huzitumia kwa vipindi: hukanyaga barabara, hupunguza mwendo, huachilia zipoe. Anayeegemeza mguu juu ya breki tangu juu hadi chini huzichemsha, na breki iliyochemka haishiki. Harufu ya kuungua ni onyo. Asimame mahali pa tambarare, asubiri zipoe kwa hewa. Asizimwagie maji, kwa sababu chuma chenye moto kikipata baridi ghafula chaweza kupasuka. Mawe yaliyowekwa nyuma ya magurudumu yaondolewe barabarani wakati wa kuondoka, yasije yakamwua mwingine gizani.

Mvua ikinyesha, udongo huwa kama sabuni, na tela lisukumalo laweza kuigeuza pikapu kama kisu cha kukunja kijifungavyo ndani ya mpini wake. Siku hiyo kungoja ni kazi pia. Na kwa wavukao Kasindi kuingia Uganda, wasisahau kwamba huko magari hupita upande wa kushoto, na huku kwetu upande wa kulia. Kwenye barabara isiyo na magari mengi, mkono hurudia mazoea yake usipouangalia.

Watu si mzigo

Twafikia sasa neno zito kuliko yote. Juu ya magunia ya tela huketi watu: mama mwenye mtoto, mwanafunzi arudiye shule, utingo. Tela hurukaruka kuliko gari, dereva hasikii wakipiga kelele, na kiungo kikikatika wao ndio huondoka nalo. Katika nchi nyingi sheria hukataza kabisa kupakia watu kwenye tela, na mwenye akili hangoji sheria imwambie.

Twajua kwamba zipo siku za taabu. Mwishoni mwa Juni 2024, vita vilipofika Kanyabayonga na Kayna, watu wengi walikimbilia upande wa Lubero na Butembo wakiwa na watoto, magodoro na masufuria. Katika saa kama hiyo nani angekuwa na moyo wa kumwacha jirani njiani? Lakini hata hapo kanuni ni moja: watu wapande pikapu, vitu viende kwenye tela, na nafasi isipotosha ni vitu vinavyobaki.

Basi jukumu si la dereva peke yake. Mara nyingi yeye hupakia kile anachosukumwa kupakia. Mwenye magunia humwambia, «Ongeza moja tu,» na wa pili husema vivyo hivyo, hata springi zikalala. Baba na mama wanaotuma mazao yao na waulize maneno matatu kabla ya tela kuondoka: Lina uzito gani? Mzito umekaa wapi? Na nani ameketi juu yake? Jibu likiwa baya, wateremshe gunia lao wenyewe.

Wahenga walisema: bandu bandu huisha gogo. Gunia lililobaki Kayna leo laweza kufika Butembo kesho kutwa, nalo litauzwa.